Nilisema Mbele ya Vitunguu

Mwanangu Mumba,

Umelala mgongoni mwangu, nimekufunga kwa kitenge cha Mama, na ninaandika nikiwa nimesimama, maana nikikaa utaamka. Meza hii ni ile ya Baba ya kupigia pasi. Ina harufu ya nguo zilizoungua kidogo, na mwanga wa jioni bado unaingia kwa dirisha la upande wa bustani. Kesho asubuhi lori la samaki linarudi Kasenga, na wewe utakuwa ndani yake, kwenye magoti ya Nkambo, bibi yako mzaa baba. Hujui kusoma. Hata jina lako hulisemi lote, unasema "Umba". Lakini siku moja utasoma, na sijui siku hiyo nitakuwa wapi. Kwa hiyo naongea nawe sasa, wakati bado nasikia uzito wako.

Shuleni walitufundisha kuandika barua kwa Kifaransa. Nimejaribu mistari miwili, ikaonekana kama barua ya kuomba kazi. Tena Nkambo hajui Kifaransa, na akipata mtu wa kumsomea nataka naye asikie.

Mambo ya uji, ya homa, ya namna unavyotaka kushika sikio la mtu ndipo ulale, nimemwambia yote kwa mdomo. Hapa nataka kukueleza ulitokaje katika nyumba hii. Watu watakusimulia kwa ufupi, na kwa ufupi itaonekana kana kwamba hukutakiwa. Haikuwa hivyo.

Baba yako na mimi tulikuwa watoto wa shule. Alikuwa anajua kunichekesha, na mimi sikuwa nimezoea mtu kujisumbua ili nicheke. Kabla hujazaliwa alivuka Luapula kwenda Zambia kutafuta kazi, na tangu hapo hatujapata habari zake. Simsemi vibaya. Nadhani aliogopa, nami niliogopa vilevile, ila mimi sikuwa na mto wa kuvuka.

Gauni la shule liliposhindwa kunificha, walinitoa shuleni. Baba yangu hakunipiga wala hakunigombeza. Unamjua, ni fundi cherehani anayeshonea mtaa wa Kamalondo, watu wa Maniema wote wa mtaa ule wanavaa kanzu alizoshona yeye. Kwa muda mrefu hakusema nami. Siku moja nikakuta juu ya kitanda gauni pana, jipya, limenikaa sawasawa ingawa hakuwa amenipima. Hakusema neno juu ya gauni lile, nami sikumshukuru. Nyumba yetu ni ya namna hiyo. Tunapendana sana na hatuulizani kitu.

Ulipozaliwa alitaka uitwe Saidi, jina la baba yake. Karani wa ofisi akasema majina ya kigeni hayaandikwi tena, atafute jina la hapa kwetu. Mama akasema Mumba, kwa sababu lilikuwa la upande wa baba yako na hakuna karani ambaye angelikataa. Basi kwenye karatasi wewe ni Mumba. Lakini asubuhi Baba akidhani wote tumelala, anakuinua na kukuita Saidi sikioni. Nimesikia mara nyingi. Nataka ujue hilo, maana ndiye atakayeonekana kuwa alikutoa.

Shule nyingine ilinipokea baada ya kukuzaa. Hapo ndipo Baba alipotoa neno lake: mtoto atabaki nasi mpaka nimalize masomo, kisha tutawaita watu wake. Alisema hivyo mbele ya Mama nikiwa nakunyonyesha. Niliitikia kwa kichwa, nikaona shule ni kitu kirefu kisicho na mwisho.

Mwaka huohuo Mama alinikabidhi bustani. Unaifahamu kwa mikono na kwa mdomo, maana umeula udongo wake. Lakini utaisahau, acha nikuoneshe. Uwanja wetu hapa Kampemba unateremka hadi kwenye bonde dogo lenye majimaji, ambalo halikauki hata kiangazi kikiwa kikali. Pale Mama alikuwa na matuta ya vitunguu, ya matembele, ya shu, yaani kabichi, na ya lengalenga, mchicha wetu wa hapa. Udongo wa juu ni mwekundu na mgumu, kwa hiyo tunabomoa kichuguu kilicho nyuma ya choo, tunasaga udongo wa mchwa na kuuchanganya na majivu. Upepo ukitoka upande wa bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, majani ya maharagwe hupata madoa, basi maharagwe tunayapanda nyuma ya ukuta. Kila kitu kina mahali pake, na Mama anajua kwa nini, lakini hasemi mpaka aulizwe.

Sikumwuliza. Nilitaka nyanya. Nilizipanda mapema, nikazimwagilia kila jioni, zikawa nzuri kuliko za majirani. Mwezi wa sita baridi ikashuka bondeni. Nilitoka asubuhi nikakuta majani yote meusi, yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama alikuja akasimama kando yangu.

"Nilijua," akasema. "Huku chini baridi inaumaka. Nyanya tunapandaka kule juu, karibu na jikoni."

"Sasa mbona haukuniambia, Mama?"

"Haukuniuliza."

Nilikasirika mpaka nikalia. Siku zile nilifikiri nalilia nyanya. Sasa nadhani niliona kwa mara ya kwanza jinsi tunavyoishi: mmoja anajua na ananyamaza kwa heshima, mwingine anahitaji kujua na ananyamaza kwa aibu, na baridi haimngojei hata mmoja wao. Niliona, lakini sikujifunza. Kuona na kujifunza ni mambo mawili, mwanangu, na katikati yake mtu anaweza kupoteza kitu kikubwa kuliko nyanya.

Ulipoanza kutembea, bustani ikawa yako. Mama alitoboa kopo la nyanya kwa msumari, ukawa unamwagilia nalo, ingawa maji yote yaliishia kwenye miguu yako. Ulikuwa unang'oa vitunguu vichanga uone vina nini chini, kisha unavirudisha, mizizi ikiangalia juu. Sikukukataza. Nilikukatia tuta dogo pembeni, ung'oe utakavyo. Tangu siku hiyo kila ulichogusa kilikuwa "ya mie". Kopo, ya mie. Chura, ya mie. Kuku wa jirani, ya mie. Mama, naye ni bibi yako, alikuwa anakutania: "Na mie Kambo wako, niko wa nani?" Ulimtazama vizuri kwanza, kama mnunuzi sokoni, ndipo ukasema: "Ya mie."

Hukuona haya hata kidogo. Sijui ulilipata wapi neno hilo, maana kwangu hukulisikia.

Jumamosi tulikuwa tunafanya Salongo, kazi ya wananchi wote, hata watoto wa shule. Tulifyeka kando ya barabara, tukazibua mifereji, na mara nyingine mkuu wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba kuona nani amelima. Kiangazi hiki aliteremka hadi bondeni kwetu, ana beji ya chama kifuani, viatu vyake vikizama kwenye matope. Alisifu vitunguu. Kisha akatukumbusha kwa upole kwamba ardhi ni mali ya Serikali, ya juu na ya chini, shaba na udongo, na kwamba sisi tumeruhusiwa tu. Mama akajibu, "Ndiyo, mwananchi," akamchumia fungu la shu. Alipokwisha kupanda juu, Mama akaninong'oneza: "Kama udongo ni ya Serikali, njo Serikali ije imwange maji." Nilicheka mpaka nikaangusha ndoo.

Lakini usiku nililifikiria neno la mkuu wa mtaa. Mwaka huu tulikuwa na mwalimu wa filozofia, kijana, mwenye koti moja. Siku moja alituuliza: kitu kinakuwaje cha mtu? Mmoja akajibu, kwa kukinunua. Mwingine, kwa kukirithi. Mtoto wa mkubwa mmoja akasema, kwa kupewa na Serikali, na mwalimu akageuka upesi kufuta ubao. Nilikuwa na jibu langu. Nilitaka kusema kwamba kitu kinakuwa chako polepole, kwa kukirudia asubuhi na jioni, hata siku usiyotaka, na kwamba huenda mwenye kitu ndiye wa mwisho kujua kwamba ni chake. Nililipanga jibu hilo kwa Kifaransa kizuri kichwani. Kengele ikalia. Nilikuwa nimeketi dirishani, na kutoka kule niliona mtu akimwagilia bustani ya masista, akirudi kisimani tena na tena.

Sasa utaelewa mitihani yangu ilikuwaje. Wenzangu waliogopa kushindwa. Mimi niliketi mbele ya karatasi nikijua kwamba kila jibu zuri linakusogeza Kasenga. Nilifikiri kuacha ukurasa mtupu. Kweli nilifikiri, kalamu niliiweka chini. Kisha nikamkumbuka Mama, aliyekubeba mgongoni huku akilima ili mimi niwe darasani, na Baba, aliyeshona kanzu hadi macho yakamuuma ili nirudi shule. Nikaiinua kalamu. Usije ukafikiri nilikuuza kwa diploma. Wala usifikiri kwamba haikunipitia akilini kuichoma.

Redio iliposoma majina ya waliofaulu, Mama alipiga vigelegele hata majirani wakaja. Baba alitoka nje akakaa peke yake kwenye tofali. Juma lililofuata aliwapa watu wa malori ujumbe wa kwenda Kasenga.

Nkambo alifika juzi pamoja na kaka yake. Mikono yake ina harufu ya samaki waliokaushwa, na ulipomwona ulimwendea bila kuitwa. Jana baada ya chakula wakubwa walikaa sebuleni. Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu yote yamo humu.

Baba alianza. Aliwashukuru kwa kuja, akawauliza habari za mto. Kisha akasema: "Kwetu sisi, mutoto ni wa baba yake. Nikimubakisha hapa, siku moja bandugu batamuuliza, weye uko wa nani? Atajibu nini? Siwezi kumufanyia ile. Mutoto ni wenu, mumubebe."

Kaka yake Nkambo alikunywa chai kwanza. "Tata, tunakushukuru sana. Lakini kwetu ku Luapula, mutoto ni wa ukoo wa mama yake. Tukimubeba, tutakuwa kama bamwizi. Mutoto ni wenu."

Baba akasema hapana, heshima hiyo ni kubwa mno, hawezi kuipokea. Kaka yake Nkambo, mjomba wa baba yako, akasema hapana, wao ndio wasioweza kuwanyang'anya watu mtoto wao. Hakuna aliyekasirika. Walikuwa na adabu, Mumba, adabu kubwa, kila mmoja akikusukuma kwa mwenzake kama kipande cha mwisho cha nyama kwenye sahani, ambacho kila mgeni anakitaka na hakuna anayetaka kuonekana amekichukua. Na wewe ulikuwa chini ya meza hii hii, ukijaza kopo lako vipande vya nguo.

Walipochoka, mjomba akacheka, akapiga goti lake. "Basi tuseme iko wa Serikali, sawa na udongo."

Wote wakacheka. Baba pia alicheka. Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai, nami nikatabasamu, kwa sababu watu wakicheka mimi hutabasamu, hata kisu kikiwa kinaingia.

Nkambo peke yake hakucheka. "Serikali haina mugongo ya kubebea mutoto," akasema. "Nitamubeba mie. Kaka atasema anachosema."

Hapo Mama akanitazama. Hakunitazama kama mtu anayesema nyamaza. Alinitazama kama siku ile ya nyanya, ila safari hii alikuwa anangoja niulize, niseme, nifanye kitu. Desturi mbili zilikuwa zimekutana pale, na kati yake palibaki mwanya mdogo ambao mtu angeweza kupita na neno moja. Kwa kuwa hakuna aliyesema wewe ni wake, hakuna ambaye angenipinga. Nililiweka sinia mezani. Nilisema, "Ngoja nilete sukari." Sukari ilikuwa mezani.

Nilipotoka jikoni walikuwa wameshakubaliana kuhusu lori. Inabidi iwe kesho. Mawingu yameanza kukusanyika mchana, na mvua ikianza njia ya Kasenga inafungwa na matope.

Leo nilikwenda bustanini mapema. Joto la mwezi huu linapasua udongo, ukichelewa kumwagilia unamwagilia maiti. Nkambo akanifuata, kanga kiunoni, akaomba mbegu za lengalenga. Nilimkatia vichwa vilivyokauka, akawa anavifikicha kiganjani na kupuliza makapi. Alitembea katikati ya matuta kama mtu anayekagua nyavu.

"Hii vitunguu iko ya nani?"

"Yangu, Nkambo."

"Na hii shu?"

"Ya Mama."

"Na hii kidogo yenye kuvurugika?"

"Ya Mumba."

Hakuinua kichwa, aliendelea kupuliza makapi. "Na Mumba iko wa nani?"

Ulikuwa pale mwisho wa tuta, umechuchumaa, unamwagilia jiwe. Nilisikia neno likipanda, likakwama mahali linapokwamaga sikuzote, kisha likapita.

"Wangu," nikasema. "Mumba ni wangu."

Nkambo alifunga mbegu kwenye ncha ya kanga, fundo dogo, akalikaza kwa meno. Alikuwa na machozi, au labda ni makapi.

"Jana kulikuwa bantu ba kusikia," akasema. "Leo iko mie na vitunguu."

Nikamwomba akuache. Nilimwomba kweli, nikapiga magoti kwenye udongo uliolowa. Alinishika bega, hakuninyanyua. Alisema wanaume wameshatoa neno, na yeye hawezi kulivunja peke yake, wala Baba hawezi kulirudisha mbele ya wageni bila kuonekana anacheza na watu. Alisema lori halitangoja na mvua haitangoja. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu asubuhi hadi sasa:

"Nitamubeba kesho, hata ulie namna gani. Lakini unipe mutoto wa muntu, usinipe kitu ya kuokota. Kesho pale ku gari, bote watakuwa pale, baba yako, kaka yangu, hata shofere. Useme pale. Mutoto mwenye mama yake alisema, iko na njia ya kurudia. Mwenye bote walinyamaza, nitamuambia arudie kwa nani?"

Aliniacha pale. Nikamaliza kumwagilia, kwa sababu matuta yalikuwa bado.

Mumba, sina hekima ya kukupa. Nimemaliza shule juzi, nawe utakaposoma haya pengine utakuwa na miaka niliyo nayo mimi leo, na utaona nilikuwa mtoto. Nitakuambia tu ninayoyajua kwa mikono. Ukihamisha mche, usiukung'ute udongo wa mizizi, uende nao. Utalala siku za kwanza, majani yatalegea, na kila apitaye atasema umekufa. Usiung'oe kutazama. Haya ulinifundisha wewe, kwa kung'oa.

Na kitu ukikipenda, kiseme chako kabla watu hawajaanza kuoneshana adabu juu yake. Usiningoje mimi nikufundishe hilo. Ulizaliwa unalijua. Kama huko Kasenga watakucheka kwa kusema "ya mie" juu ya mtumbwi wa jirani na paka wa sokoni, waache wacheke, usiache kusema.

Baba ameingia sasa hivi. Amesimama mlangoni, amekuona ulivyolala, ameniona naandika. Ana kaptura mpya mkononi, amekushonea, kiuno kimewekewa akiba ya kitambaa ndani ili ipanuliwe ukikua. Ameiweka mezani juu ya kona ya karatasi hii. Alitaka kusema kitu. Nami nilitaka. Amerekebisha kitenge mgongoni kwangu, akatoka.

Kwa hiyo unaona ilivyo kazi.

Jua limekwisha, herufi sizioni vizuri. Barua hii nitamkabidhi Nkambo, ataitunza pamoja na mbegu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho barua haiwezi kukuambia, kwa sababu inaandikwa leo. Kesho nitakufungua kutoka mgongoni, nitakuinua niwape walio juu ya lori, na wote watakuwa wamesimama pale. Ama neno litatoka, ama nitaomba kuleta sukari. Sijui. Najijua, ndiyo maana sijui.

Ukiisha kusoma, mwulize Nkambo: siku ile, pale kwenye gari, Mama alisema?

Akikuambia kwamba nilisema, basi njia unayo, na mwisho wake kuna bonde lenye majimaji na tuta dogo lililovurugika ambalo hatutampa mtu mwingine.

Akikuambia kwamba sikusema, soma hapa. Nimeliandika kwa mkono wangu kungali na mwanga, nikisikia pumzi zako shingoni, na kwa lugha yako mwenyewe ili usikosee.

Weye ni wa mie.

Mama yako,
Feza